Mwaka Tulioiuliza Mashine Ina Nini Ndani

Siku ya tatu ya matanga, wanawake walipokuwa wakichambua mchele chini ya hema la buluu, nilitoroka nikaenda kukiangalia chumba cha foni. Sikumwambia mtu ninakokwenda, hata Kapinga, ambaye ndiye aliyenipigia simu Bukavu kunijulisha kwamba baba yake, Papa Mukadi, ametuacha. Chumba kipo bado, nyuma ya kanisa la Mikelenge, hatua mia mbili tu kutoka kwenye uwanja wa nyumba ya marehemu, na siku hizi ni duka la kuchaji simu. Kijana mwenye duka aliniona nimesimama mlangoni na simu yangu mkononi, akanyoosha mkono kuipokea. Nikampa. Ilikuwa imejaa chaji, lakini nilitaka sababu ya kukaa. Nikakaa kwenye kibao pale pale ilipokuwa meza yetu, nikatazama ukuta wenye alama ya kutu ambapo waya wa antena ulikuwa ukipenya, na mwaka ule wote ukarudi: harufu ya mazuti, karanga za kuchoma, sauti za wanawake nje, na Papa Mukadi amefunga miwani yake kwa uzi wa ndoano akinisomea neno moja moja. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na nilijiona najua kila kitu.

Vijana wa sasa hawaijui foni, kwa hiyo niieleze. Ni redio ya kupokezana sauti, na waya mrefu uliotandazwa kati ya michikichi miwili: unabonyeza, unasema, unaachia, unasikiliza. Mwaka ule wa mwisho wa vita, mji wetu wa Kindu ulikuwa umefungwa kama chupa. Treni ilikuwa haijaonekana kwa miaka, mashamba yaliyo mbali na nyumba za mwisho hayakufikika, na mtu aliyekuwa na mume mjini Kama au kaka huko Punia hakuwa na njia ya kujua kama yu hai ila kuja kwetu asubuhi. Mimi vita vilinirudisha nyumbani kutoka Kisangani, ambako nilikuwa nimesoma informatiki, elimu ya kompyuta, mwaka mmoja na nusu, na Papa Mukadi alinichukua nimsaidie kuandika majina. Yeye alikuwa Mkasai, mtu wa Kasai ya mbali, fundi wa telegrafu wa reli. Treni zilipokoma, mapadri walimpa chumba na foni. Mshahara wetu ulikuwa chakula cha mchana: wali kidogo na sombe, yale majani ya muhogo, sombe isiyo na chumvi, kwa sababu chumvi ilikuwa imekuwa kitu cha kusimuliana. Mpaka leo nikila sombe iliyokolea chumvi naona kama naiba.

Kazi ilikuwa na desturi zake. Tulifungua saa tatu asubuhi, saa tuliyoruhusiwa, na mwanajeshi mmoja alikaa kizingitini kusikiliza kila neno, ingawa mara nyingi alisinzia. Betri ya foni ilikuwa imezeeka, haikushika moto wa umeme ila grupu, jenereta yetu, ikinguruma, na mazuti, dizeli yake, yalitosha nusu saa tu. Papa Mukadi aliyapima kwa kikombe cha chai. Nje, wanawake walipanga mstari. Mimi niliandika majina daftarini, aliyetembea mbali zaidi akiwa wa kwanza. Na mwisho kabisa wa kila orodha palikuwa na nafasi ya mpiga foni mwenyewe. Hiyo aliileta kutoka reli. Fundi wa telegrafu, aliniambia, hatumi salamu yake kabla ya salamu ya mwisho ya watu. "Wa kwangu anakaa mwisho," alisema siku ya kwanza, akachora kistari kidogo chini ya ukurasa. Wa kwake alikuwa Kapinga, binti aliyelingana na mimi umri, aliyeondoka bila kuaga akamfuata kijana mchimbaji mpaka Punia. Njia ikafungwa nyuma yake.

Kila asubuhi grupu ilizimika kabla hatujafika kwenye kistari. Nilihesabu moyoni. Yalibaki majina matatu, grupu ikakohoa, ikanyamaza. Siku nyingine likabaki moja. Papa Mukadi alivua vipokea sauti, akafuta jasho, akasema, "Kesho." Nami nilikasirika kwa niaba yake, kwa sababu nilimwona jinsi alivyowapa wengine muda wake. Mama mmoja alitaka kujua kama mume wake amepona jino. Papa Mukadi aliuliza jino la juu au la chini, akauliza dawa gani, akamsalimia mpiga foni wa upande ule na nyumba yake yote. Niliona huo ni wema uliopitiliza. Nikaapa kwamba kabla mwaka haujaisha, jina la Kapinga lazima litoke katika chumba kile.

Njia ya kulitoa ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa. Shirika moja la misaada lilikuwa limetuletea ordinateri, yaani kompyuta, ya kukunja na kisanduku cha modemu, na kingine kama hicho wakakipeleka Punia. Ukiunganisha kisanduku na foni, unaweza kutuma maandishi badala ya sauti: orodha nzima, majina yote, kwa dakika chache. Fundi wao aliiweka, akatuonyesha mara moja, akafunga sehemu zote za mipangilio kwa neno la siri ili tusiharibu, akapanda ndege, hatukumwona tena. Ikafanya kazi siku nne, maneno ya kujaribu tu, kabla hatujatuma orodha hata moja. Siku ya tano ikasema haioni modemu.

Kosa lilikuwa la Mama Furaha, aliyetufagilia, na halikuwa kosa kwa kipimo chochote cha usafi. Kila jioni alichomoa nyaya zote, akazipangusa vumbi, akazirudisha kwenye tundu lolote lililo karibu, na jioni tatu za kwanza lilitokea kuwa lile lile. Sasa, waya wa modemu ulipita kwenye kiunganishi kidogo, na kila ulipochomekwa kwenye tundu jipya, mashine ilikipa kiunganishi namba mpya ya mlango. Fundi alikuwa ameiambia programu ya kutuma kwamba modemu iko mlango wa nne. Baada ya Mama Furaha, ilikuwa wa tano, wa sita, hatukujua, na mahali pa kuangalia palifungwa. Kitu kimoja tu fundi hakukifunga: faili dogo la maandishi ambamo namba ile iliandikwa. Nikamwambia Papa Mukadi kwamba nitaandika programu ya kuiuliza mashine yenyewe ina vifaa gani mwilini, itafute modemu kwa jina, ichukue namba ya mlango, iiandike kwenye faili. Alitafuna karanga. "Na mashine itakujibu?" akauliza. Nikasema itajibu. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Lugha niliyokuwa nimeanza kujifunza ni ya zile zinazolelewa. Unaandika, na chini yako yuko msimamizi anayekusafishia kumbukumbu na kukukataza kugusa visivyo vyako. Bahati nzuri msimamizi huyo alikuwa tayari ndani ya mashine, amekuja na programu ya kutuma, pamoja na kitafsiri chake. Na fundi alisahau kwenye droo CD ya maelezo, yote kwa Kiingereza. Lakini lugha inayolelewa haijui chuma. Ukiiuliza ni waya gani umechomekwa, haina jibu. Anayejua ni mfumo wenyewe, wa chini, ulioandikwa kwa lugha isiyo na mlezi. Kuufikia, sharti utangaze kwa mkono wako jina la kazi unayoitaka, inakaa maktaba gani, inapokea nini, inarudisha nini. Ukikosea, hakuna wa kukushika mkono. Betri ya ordinateri ilidumu saa mbili kwa siku, kwa hiyo nilikuwa nikiandika kwanza kwa penseli, nyuma ya karatasi za ubatizo walizotupa mapadri, na mchana baada ya kula ndipo niliponakili. Nakumbuka ule mwanga wa saa nane uliokuja kupitia mbao, mistari myeupe juu ya vidole vyangu, na mtu fulani akitwanga mbali, na nilivyokuwa na njaa na raha kwa pamoja.

Majuma mawili mfumo ulinijibu hapana. Haukusema kwa nini. Niliomba orodha ya vifaa, nikapewa. Niliomba kifaa cha kwanza katika orodha, hapana. Papa Mukadi akavuta kiti.

"Hapana ya namna gani?"

"Hapana tu, papa. Kila kitu nimeandika kama maelezo yanavyosema."

Alifungua kamusi yake ya Kiingereza, akaweka kidole kwenye kioo, penye maelezo ya CD, akasoma polepole neno kwa neno, akitafuta kila moja. Ilichukua muda wa kula karanga zote. Kisha akainua miwani. "Hapa juu kabisa wanasema ukubwa. Uliandika ukubwa?"

"Ukubwa wa nini?"

"Wa ile karatasi unamupatia ajaze. Mutoto wangu, kwenye reli, chef wa stesheni akituma fomu ya wagoni, anaandika kwanza pale juu: fomu hii iko na mistari kumi. Kama hajaandika, sisi hatujazi. Tutajua namna gani karatasi inaishia wapi?"

Njo vile kabisa, ndivyo ilivyokuwa. Fomu niliyoupa mfumo ilikuwa na nafasi ya mwanzo ya kujitaja ukubwa wake, nami nilikuwa nimeiacha sifuri. Baiti ishirini na nane. Niliandika, nikaendesha, na majina yakaanza kushuka kwenye kioo moja baada ya jingine: kibodi, panya, kadi ya sauti, kisoma CD. Mwishoni ikatoka namba mia mbili hamsini na tisa, nikashtuka nikidhani imekufa, kumbe ndiyo namna ya mfumo kusema hakuna wengine. Papa Mukadi alicheka mpaka mwanajeshi wa kizingitini akaamka. Nilitaka kulia, na nililia kidogo.

Lakini orodha ilikuwa ndefu mno. Ilikuwa na printa. Ilikuwa na kamera. Ilikuwa na modemu tatu. Mama Furaha alisimama na ufagio wake akasikiliza nikisoma, akasema, "Printa iko wapi? Mimi njo nafagia hapa kila siku, sijaiona." Nikaeleza, kwa majivuno ya mtu aliyekijua kitu asubuhi hiyo hiyo, kwamba mashine huweka jina la kila kilichowahi kuchomekwa, hata kama kimeondoka zamani. Printa ilikuwa ya mwenye mashine wa kwanza, huko ilikotoka. Na modemu tatu ilikuwa ni yetu ile ile, mara tatu, moja kwa kila tundu la Mama Furaha.

Papa Mukadi aliacha kutafuna. "Basi haisahau?"

"Haisahau, papa. Jina linakaa mpaka mtu alifute."

"Na yule mwenye alitoka, inajua ametoka?"

"Inajua, ukiiuliza vizuri. Kuna neno la kuongeza kwenye swali: nipe waliopo tu."

Alisukuma karanga kando. Nje, mtu aliita mbuzi wake. "Acha," akasema. "Usiulize vile. Wacha yote yakae."

Nilimwona mkaidi, na nikamjibu kama mtu mwenye diploma ambayo sikuwa nayo. Kama hatuulizi waliopo tu, nilisema, programu itachukua modemu ya kwanza, mlango wa nne, ambako hakuna kitu, na majina ya watu wote yatakwama pale. Akainuka kwenda kukagua antena ambayo haikuwa na tatizo. Niliongeza neno. Orodha ikapungua, modemu ikabaki moja, mlango wa sita. Sasa Mama Furaha angeweza kuchomeka popote apendapo.

Nilichapa majina arobaini na moja ya watu wa Punia kutoka daftarini. Nilipofika mwisho wa ukurasa, kistari cha mpiga foni hakikuwepo. Siku ile Papa Mukadi hakukichora. Nilifikiri ni unyenyekevu umezidi, au amechoka kungoja. Kwa hiyo nilifanya nilichoapa: chini ya jina la arobaini na moja nikachapa, Kapinga, binti ya Mukadi, Punia. Sikumwambia. Grupu ikawashwa, kisanduku kikalia kama chura, na kabla mazuti hayajafika nusu kila jina lilikuwa limekwenda.

Majibu yalikuja siku ya tatu. Papa Mukadi alisoma mstari mmoja mmoja kwa sauti ya kupaza kupitia dirisha, na nje wanawake walijibu kila mmoja kwa namna yake. Huyu yuko, anasalimia. Huyu hajulikani. Huyu alikwenda zake tangu mvua ya kwanza. Huyu alizikwa, poleni. Na pale alinyamaza mpaka mama yule aketi. Aliendelea hivyo hadi arobaini na moja. Nikamwona akitazama mstari uliofuata, midomo ikasogea bila sauti. Nilisogea nikasoma begani kwake. Uliandikwa na mpiga foni wa Punia: Kapinga yuko. Amezaa mutoto wa kike. Anauliza kwa nini miezi yote hii papa anaulizia watu wote na yeye hamuulizii.

Papa Mukadi alisimama, akatoka, akawapita wanawake, akapotea kwenye njia ya mtoni. Hakuzima grupu. Mtu aliyepima mazuti kwa kikombe cha chai aliiacha ingurume mpaka ikanyamaza yenyewe. Sikuthubutu kuigusa. Nilidhani nimemuua.

Alirudi mchana, nimemwekea wali, ukapoa mbele yake. Ndipo akaniambia. Mwanzoni mwa mwaka, mtu wa baiskeli alipenya porini kutoka Punia akisukuma madumu ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, akaomba kupumzika kwenye kivuli chetu. Nilimkumbuka, nilimpa maji mimi mwenyewe. Alimwambia Papa Mukadi kwamba kule, kando ya machimbo, walimzika msichana mmoja Mkasai. Hakujua jina. "Nikasema, kama siulizi, haijakuwa kweli," alisema Papa Mukadi. "Kila asubuhi nilivuta maneno. Jino la juu, jino la chini. Nilitaka grupu inizimikie. Na yeye kule, anangoja mimi njo nianze, juu ya vile aliondoka bila kuniaga. Mwaka muzima, Zaina. Nilikuwa na foni mukononi mwaka muzima."

Nilikuwa na hasira kwamba nimemwonea huruma bure miezi yote ile, na nilikuwa na furaha, na aibu juu ya yote mawili. Akala kijiko kimoja.

"Uliandika jina bila kuniuliza."

"Ndiyo, papa. Unisamehe."

"Uliliweka wapi?"

"Mwisho."

Akatikisa kichwa polepole, akala kijiko cha pili. "Vizuri," akasema. "Wa kwangu anakaa mwisho." Kesho yake alichora tena kistari chini ya ukurasa, na tangu siku ile tulikifikia kila asubuhi, hata kwa sauti, kwa sababu hakuulizia tena meno ya watu.

Nimeandika programu nyingi baada ya ile, nimelipwa vizuri kwa baadhi, na hakuna hata moja niliyoipenda hivyo. Kapinga alirudi njia ilipofunguliwa, na mtoto mgongoni, na sisi wawili tukawa ndugu kwa ugomvi wa miaka mingi kuhusu nani ampikie mzee. Kijana wa duka aliponirudishia simu, nilirudi uwanjani nikamkuta Kapinga ananitafuta. Alikuwa na karatasi mkononi. Jioni ile, kabla ya watu kuondoka, desturi ni kusoma maisha ya marehemu na majina ya watoto wake, na Papa Mukadi, ambaye hakumwamini mtu kwa orodha, alikuwa ameiandika mwenyewe kabla macho hayajamwishia. Kapinga alinivuta kando ya mikeka, uso wake umejaa haya.

"Dada Zaina, usikasirike. Sijui papa aliwaza nini. Amekuandika kati ya watoto wake, lakini tazama amekuweka wapi."

Nilitazama. Mwandiko wa reli, herufi zimesimama wima. Kapinga, wadogo zake wanne, kisha nafasi, kistari kidogo, na chini ya kistari jina langu. Mama mmoja mchambua mchele alinyoosha shingo akasoma naye, akamnong'oneza mwenzake kwamba maskini, wamemuweka nyuma ya wote.

"Wewe ni mukubwa kuliko wale wane," Kapinga akasema. Alikuwa na kalamu tayari. "Nitakupandisha hapa juu, chini yangu. Hakuna mutu atajua."

Nilimshika mkono wenye kalamu.

"Liache pale pale," nikasema.